Gogo la Mgomba

Gogo la mgomba ni uji wa mwanawe. Mmeisikia leo mlipokuwa mkikokota magogo kwenda kuyatupa, mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetokana na kisa cha bibi yangu mzaa mama, wala hakikumletea sifa.

Bibi huyo, Kemilembe, alikuwa na usafi wa kupita kiasi. Kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, alikifagia kila asubuhi kama sebule. Mkungu ukishakatwa, gogo alilibeba akalitupa ng'ambo ya ua, kwa jirani yake Kokugonza, mjane mzee asiyependa ugomvi. Majani makavu nayo alimrushia huko huko. Watu wakamsifu, na kichwa kikamvimba.

Mwaka wa tatu mkungu mzima haukutosha chakula cha jioni. Watoto wake wanne walilala na njaa. Ng'ambo ya ua, migomba ya mjane ilikuwa ikitegemezwa kwa miti isianguke kwa uzito. Kemilembe akatangaza kwamba Kokugonza amemvutia mazao kwa uchawi. Siku zile neno hilo lilitosha kumfukuza mtu kijijini, na yule mjane hakuwa na mtoto wala pa kwenda.

Wazee wakaja kwa Kokugonza, wakiongozwa na Mzee Rugaimukamu.

"Mama," alisema mzee, "tuonyeshe dawa uliyofukia."

"Ipo. Nipeni jembe."

Akapindua gogo moja lililooza. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na laini, nyungunyungu wamejaa tele. Mizizi myeupe ya mgomba mchanga ilikuwa imepenya ndani ya gogo lenyewe.

"Dawa ndiyo hii," alisema Kokugonza. "Mama mtu alikufa, mvua ikamlainisha, wadudu wakamtafuna, amegeuka udongo. Sasa mwanawe anamla. Mwenye dawa ni Kemilembe, mimi alinitupia tu."

Mzee alivuka ua, akapiga jembe upande wa pili. Likagonga udongo mwekundu, mgumu, usio na hata mdudu mmoja.

Bibi yangu alishikwa na aibu, akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Watoto wangu wana njaa. Nirudishie magogo yangu."

"Mabichi yachukue, mwanangu. Yaliyooza yameshaliwa." Akamkatia na mkungu mmoja. "Huu wapikie watoto. Lakini ujue, gogo la mgomba ni uji wa mwanawe. Uliwanyima wana wa mgomba, nao wakawanyima wa kwako."

Bibi alibeba magogo kutwa nzima, mbele ya watu wale wale waliomsifu. Ilipita miaka miwili kabla shamba lake halijawashibisha watoto. Mmoja wao alikuwa mama yangu, na mpaka anazeeka hakumruhusu mtu kuingiza ufagio kwenye migomba.

Basi, wajukuu zangu, yarudisheni magogo hayo mlikoyatoa. Akipita mtu akawacheka kwamba shamba letu ni chafu, mwambieni: gogo la mgomba ni uji wa mwanawe.