Komeo la Fundi Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombania mipaka kama sisi, palikuwa na kuku jike aitwaye Tetea. Alikuwa amechoka. Sikilizeni vizuri, wadogo zangu, maana uchovu wake haukuwa wa siku moja.

Banda lake lilikuwa bovu. Asubuhi aliziba tundu kwa gunia, jioni tundu jingine likafunguka. Alimwaga majivu kuua utitiri, akatandika maranda, akafunga fito kwa kamba za mgomba, huku vifaranga wakimlilia miguuni. Mumewe, Jogoo, alipanda juu ya paa kila alfajiri na kuutangazia ulimwengu kwamba banda linahitaji matengenezo. Kisha akashuka kula.

Siku moja akarudi amevimba kifua. "Mama watoto, nimepata fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa Fisi.

Tetea alimkumbusha kuwa kifaranga wao mmoja alipotea juzi tu, na manyoya yake yakaonekana kwenye njia ya kwenda kwa Fisi. Jogoo akajibu kwamba manyoya hupeperushwa na upepo, kwamba Fisi anajenga bure kwa ujirani mwema, na kwamba mambo ya ujenzi wameshayamaliza wanaume. Tetea alitaka kumjibu. Akahesabu maneno ambayo angehitaji, akaona ni mengi mno kwa mtu aliyeamka kabla ya jua.

Fisi akaanza kazi karibu na banda bovu. Kwaru, kwaru, akachimba mtaro, akafukia wavu wa chuma ardhini. Ti, ti, ti, akapigilia mabanzi. Alijenga kwa bidii ambayo Tetea hakuwahi kuiona kwa mwanamume yeyote, na hilo ndilo lililomtia shaka. Zamani Fisi akija, kuku walirukia mkwajuni, yeye akaambulia mmoja au patupu. Sasa alikuwa akikaza waya kwa ndani, kama mtu anayemzuia wa ndani asitoke. Na komeo la mlango alilipachika upande wa nje.

Hapo Tetea akaelewa. Ikifika jioni, watoto wake wote wangekuwa ndani ya chungu, na mwenye mwiko ni Fisi.

Angepiga kelele, nani angemsikiliza? Jogoo alishawaalika majirani waje kesho kuliona banda. Basi akamsogelea fundi taratibu.

"Fundi, kazi nzuri. Ila komeo linakwaruza. Litawaamsha watoto."

Fisi alitabasamu. Yeye pia alitaka lifunguke bila kelele. Akalipaka mafuta mpaka likateleza kwa kuguswa na ukucha.

Jua lilipoinama, Jogoo akaamuru familia iingie. Tetea akasimama mlangoni.

"Nyumba haijazinduliwa, baba watoto. Toka lini mwenye nyumba akaingia kabla ya fundi? Fundi huingia kwanza, akajilaza, akaitakia heri."

Jogoo akaitikia kwa kichwa. Desturi ilikuwa ya babu zake mwenyewe. Fisi alijikuna shingo. Akawatazama vifaranga waliojipanga, wanono, akameza mate.

"Kujilaza tu?"

"Kujilaza tu, fundi. Pale mwisho kabisa, wanapolala watoto."

Fisi akainama, akajipenyeza ndani. Alipofika mwisho na kujilaza, Tetea akausukuma mlango kwa kifua na kulirukia komeo. Likateleza kimya.

"Nimeshazindua, dada. Fungua."

"Vuta kwanza, fundi, tujue kama ni imara."

Akavuta. Akauma waya, akachimba, akagonga mabanzi kwa kichwa mpaka paa likatetemeka. Hakuna kilicholegea.

"Umejenga vizuri," Tetea alisema.

"Nilijenga kwa ajili ya kuku!" Fisi akabweka, kisha akajiuma ulimi, amechelewa.

Jogoo alimtazama Fisi, akawatazama watoto wake, kilemba chake kikapauka. Halafu akakohoa na kusema kwamba yeye alimshuku tangu mwanzo, ila alikuwa akimpima.

Tetea akalikagua komeo. "Kesho ukiwika," alimwambia, "waambie majirani waje na fimbo."

Akaingia katika banda lake bovu, akawakusanya watoto chini ya mbawa. Upepo ulipenya kwenye gunia, na jirani fundi alikuwa akibembeleza kupitia waya, mara dada, mara shemeji, mara mama. Tetea hakusikia hata nusu. Alikuwa ameshalala.

Nanyi, wadogo zangu, mtu akiwajengea mlango bure, mwulizeni kwanza komeo linakaa upande gani.