Kigae cha Ndugu Filemoni

Wametusimulia wazee wetu wa imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba zamani palikuwa na watawa kumi na wawili katika jangwa la Misri. Ng'ambo ya bonde ilikuwepo nyumba ya wakoma, na mtawa mwingine mmoja, zaidi ya hao, aliishi huko akiwahudumia mpaka kufa kwake. Akifariki, majina ya wenzake yalichorwa kwa msumari juu ya vigae, vikatiwa mtungini, na Abba mkuu akatoa kimoja. Kura hiyo waliihesabu kuwa hukumu ya Bwana, wala haikuwa na rufaa.

Siku moja habari ikaja kwamba mhudumu wa wakoma amefariki. Kazi ya kuchora majina ilikuwa ya Ndugu Filemoni, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alikuwa mcha Mungu, mwenye kufunga saumu, mwepesi wa machozi katika sala, lakini ukoma aliuogopa kupita kiasi. Alipofika kwenye jina lake, mkono ukasita. Akajiambia, "Baba Zebedayo ni mzee, macho yamekwisha, na siku zake ni chache. Atapoteza nini?" Akalichora jina la Zebedayo mara mbili, lake akaliacha. Niseme wazi: alijidai ana huruma, kumbe ni woga mtupu.

Abba Sofroni akaingiza mkono mtungini, akatoa kigae cha Zebedayo, akampa. Yule mzee akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Nipo, Bwana."

Filemoni alidhani yamekwisha. Alikuwa na miaka minne tu pale, na kura ya mwisho ilipigwa kabla hajafika. Hakujua kwamba vigae vilivyobaki hurudishwa kwa wenyewe, kila mtu akaweka chake chini ya mkeka wake, akumbuke kuwa zamu yake ingalipo.

Abba akamwambia, "Tusomee, ndugu, kila mtu achukue chake."

Akasoma kumi, wenyewe wakavichukua. Cha kumi na moja kilikuwa cha Zebedayo. Akasoma, "Filemoni," akakificha kiganjani.

Siku tatu chakula hakikumpita kooni. Alitaka kukitupa bondeni, akahofu kitaokotwa. Alitaka kulikwangua lile jina, nalo lilikuwa limezama mno. Mtu akimwita tu, moyo ulimwenda mbio.

Siku ya tatu asubuhi Baba Zebedayo akaja kuwaaga. Ilikuwa desturi anayeondoka abariki kigae cha kila ndugu kwa kukiwekea mkono. Filemoni akanyoosha chake, akijifariji kwamba kipofu hasomi. Vidole vya mzee vikapita juu ya maandishi mara moja, kisha mara ya pili. Akamwinamia, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kabla yako mimi ndiye niliyechora majina haya, miaka thelathini. Hili ni langu, na kigae changu ninacho."

Filemoni akakifumba kigae kiganjani, na mzee akaendelea:

"Mimi nakwenda, sina neno. Wewe je, unakwenda wapi?"

Hapo Filemoni akaanguka kifudifudi mbele ya wote, akaungama yote. Akasema, "Abba, nitume mimi."

Abba akamjibu, "Hukumu ya Bwana haikimbiwi, mwanangu, wala hainyakuliwi. Chora upya, kura irudiwe."

Akachora majina kumi na mawili, na lake likiwemo. Wala tusimpambe kwa sifa: bado alitumaini kuponyoka, maana wenzake walikuwa kumi na mmoja. Mkono wa Abba ukakawia mtungini. Kigae kilipotoka, akapewa yeye akisome.

Akasoma, "Filemoni." Wasimulizi wanasema sauti yake haikutetemeka.

Akakaa ng'ambo miaka kumi na tisa. Mgeni mmoja alimwuliza kama hakuogopa kuugua. Akajibu, "Niliugua kabla sijaja, siku tatu. Huku ndiko nilikopona."

Ndugu zangu, nasi tunayo majina ya wenzetu tuliyoyachora mahali pa yetu, na tunakaa tukitetemeka yasije yakasomwa. Yatasomwa. Bwana atujalie kwamba siku hiyo kila mmoja wetu akutwe ameshika kigae chake mwenyewe.