Teke Lililopigwa Mara Mbili

Hapo zamani, ingawa si zamani sana kwa kuwa televisheni ilikuwa tayari imeketi sebuleni na kutunyamazisha, palikuwa na nchi ya mbali ambako watu hucheza mpira wa miguu kwa mikono. Mpira wenyewe si wa duara; una umbo la papai. Wachezaji huvaa helmeti na mabega ya bandia, husimama wakatazamana, hugongana kwa muda wa kupiga chafya mbili, kisha hupumzika na kushauriana kama wazee wanaopanga mahari. Ukijumlisha kugongana kote kwa mchezo mmoja, unapata muda usiotosha kuivisha maharage. Ukijumlisha kushauriana, unapata alasiri nzima. Na timu ikishinda fainali huitwa bingwa wa dunia, ijapokuwa dunia haikualikwa.

Mwaka huo fainali iliwakutanisha Nungunungu wa Calder na Korongo wa Marlow. Calder ulikuwa mji wa viwanda vilivyofungwa. Marlow ulikuwa mji wa benki zisizofungwa. Nungunungu hawakuwahi kulitwaa kombe. Korongo walikwisha kulitwaa mara nyingi, na walilitaka tena kama mtoto aliyeshiba anavyoutaka mkate wa mwenzake.

Timu ya Nungunungu ilikuwa mali ya mjane mmoja, Bibi Cordelia Pruitt. Siku moja kabla ya fainali, wakati wa chakula cha mchana, Bibi Pruitt alisimama mbele ya kamera akiwa na ufunguo mkononi.

"Nina nyumba kando ya ziwa," alisema. "Ina vyumba ambavyo mimi mwenyewe sijamaliza kuvitembelea. Mtu yeyote ambaye, pasipo tendo lake, kombe lisingekuja Calder, nyumba hiyo ni yake hadi kufa kwake. Nimesema mtu yeyote, na kamera zimenisikia."

Watu wakapiga makofi. Mwanasheria wake peke yake hakupiga. Alikuwa ameacha kutafuna.

Nitakuepusheni na sehemu kubwa ya mchezo, kama watazamaji wengi walivyojiepusha nayo kwa kwenda jikoni. Katikati ya mchezo mwimbaji mmoja aliteremshwa kwa kamba kutoka paani, akaimba, akapandishwa tena, na wengi walikiri kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee waliyoielewa. Tuje mwishoni. Mwishoni Nungunungu walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na muda uliobaki ulitosha tendo moja tu. Kulikuwa na njia moja: kuupiga mpira teke upite kati ya milingoti miwili iliyosimama nyuma ya uwanja. Teke la namna hiyo lina thamani ya pointi tatu. Likipita, kombe ni la Calder. Lisipopita, Calder warudi kwenye viwanda vyao vilivyofungwa.

Kazi hiyo hutaka watu wawili. Wa kwanza ni mpigaji, na mpigaji wa Nungunungu aliitwa Lenny Kubiak. Wenzake walimwita Karani, kwa kuwa hakugongana na mtu na jezi yake haikuchafuka tangu msimu uanze. Kubiak na mkewe waliishi katika chumba cha chini cha nyumba ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa shabiki wa Korongo.

Wa pili ni mshikaji. Huyu hupiga goti, huudaka mpira unaorushwa kutoka mbele, huusimamisha chini kwa kidole kimoja, na huuzungusha ili nyuzi zake za mshono zitazame mbele, mbali na mpigaji. Nyuzi zikimtazama mpigaji, mpira huyumba. Mshikaji wa Nungunungu aliitwa Tobias Rusk. Alikuwa mkongwe aliyechezea miji mingi na kupanga chumba katika kila mmoja. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na kila mtu alijua kuwa huo ulikuwa mchezo wake wa mwisho.

Sasa, katika nchi ile ipo desturi. Mpigaji anapojiandaa kwa teke la uamuzi, kocha wa upande wa pili humwomba refa mapumziko, tena huomba mwisho kabisa, mpigaji akiwa ameshavuta pumzi. Desturi hiyo huitwa kumgandisha mpigaji. Lengo lake ni kumpa muda wa kufikiri, kwa sababu inaaminika kwamba mwanadamu akipewa muda wa kufikiri huharibu.

Kocha wa Korongo aliitwa Vernon Haldane. Alikuwa amesimama pembeni mwa refa, mdomo wake karibu na sikio la refa.

"Kocha, mwache," kocha msaidizi alimwambia. "Mtazame mpigaji wao. Yule ameshaganda mwenyewe."

"Mimi huwagandisha wote," alijibu Haldane.

"Najua, Kocha, lakini huyu..."

"Wote, bwana! Ndivyo tulivyofika hapa."

Akaomba mapumziko. Kipenga kililia wakati uleule mpira uliporushwa, na katika makelele ya watu sabini elfu karibu hakuna aliyekisikia. Rusk akaudaka mpira, akausimamisha, lakini hakuwahi kuuzungusha. Nyuzi zikamtazama Kubiak moja kwa moja. Kubiak akapiga. Mpira ukayumba, ukaugonga mlingoti wa kulia, ukaanguka chini kama papai bovu.

Korongo wakalipuka kwa furaha. Wakavaa kofia zilizoandikwa MABINGWA, maana katika nchi ile kofia za ubingwa hutengenezwa mapema kwa timu zote mbili, ili furaha isicheleweshwe na ukweli. Kubiak akapiga magoti na kushika kichwa. Jukwaani, mama mkwe wake alikuwa akicheza.

Ndipo refa akapunga mikono. "Teke halihesabiwi! Mapumziko yaliombwa kabla!"

"Yaliombwa na nani?" akafoka nahodha wa Korongo.

"Na ninyi."

Nahodha akamtazama kocha wake. Timu nzima ikamtazama kocha wake. Kocha Haldane akatazama juu, kama abiria anayengoja ndege.

Teke likarudiwa. Safari hii mpira ulirushwa vibaya, ukadunda kwenye nyasi, ukamkimbia Rusk upande wa kushoto. Rusk akajitupa juu ya magoti yale yale yaliyokwisha, akaunyakua, akausimamisha, na akauzungusha. Kubiak alikuwa tayari ameanza kukimbia. Akapiga. Mpira ukapita katikati ya milingoti, na kombe likaja Calder.

Kofia za Korongo zikavuliwa, zikafungwa marobota na kusafirishwa ng'ambo pamoja na nguo nyingine wasizozihitaji. Huenda mtu ananunua mojawapo mnadani Morogoro wakati huu, ikamtangaza bingwa wa jambo asilolijua.

Siku ya karamu ya ushindi ilipowadia, Bibi Pruitt aliuweka ufunguo mezani, kando ya kikombe chake cha kahawa.

Kubiak akasimama wa kwanza. "Bibi, ufunguo ni wangu. Mpira ulipita kati ya milingoti kwa mguu huu, na mguu huu ni wangu. Niondoeni mimi, mnabaki na nini? Mnabaki na mtu mmoja aliyepiga goti, ameshikilia papai."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bibi Pruitt akausogeza ufunguo kidogo upande wa Kubiak.

Rusk naye akasimama, akishikilia kiti. "Bibi, ufunguo ni wangu. Mpira ulidunda, mpira ulikimbia, na kila aliyekuwa uwanjani aliukatia tamaa. Mimi niliufuata. Niondoeni mimi, mnabaki na nini? Mnabaki na Karani akipiga nyasi teke."

"Mzee Rusk, shikamoo," alisema Kubiak kwa kejeli. "Na teke la kwanza, nyuzi zilimtazama nani? Si zilinikodolea macho mimi? Uliniharibia, halafu unadai zawadi kwa kutoniharibia tena!"

"Nyuzi zilikuwa pale, sikatai. Wapigaji hodari hupiga hata nyuzi zikiwa pale. Wewe uliugonga mlingoti."

"Lile lilikuwa teke la majaribio. Nilikisikia kipenga, nikaamua kupima upepo."

"Ulikisikia kipenga?"

"Waziwazi kabisa."

"Basi mbona ulipiga magoti ukashika kichwa?"

Kubiak akafikiri. "Nilikuwa nanyoosha misuli."

Hata wahudumu walicheka. Bibi Pruitt alikuwa ameurudisha ufunguo katikati ya meza, na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia mtu mwenye sanduku la nguo. Alikuwa Kocha Haldane. Marlow walikuwa wamemfukuza kazi, na kwa kuwa nyumba aliyokaa ilikuwa ya timu, walimtoa na humo pia. Watu wakamzomea. Yeye akaweka sanduku chini.

"Bibi Pruitt," alisema, "ufunguo ni wangu."

Mazomeo yakakatika ghafla, kwa mshangao.

"Tuende taratibu," aliendelea Haldane. "Ulisema mtu yeyote. Hukusema mchezaji, wala hukusema mtu wa Calder. Huyu bwana alisimamisha mpira vibaya. Huyu mwingine akaupiga vibaya. Hesabu yao wote wawili, walipoachiwa wenyewe, ilikuwa mlingoti. Kombe lilikuwa limekwisha kwenda Marlow, na kofia zilikuwa vichwani. Nani alilirudisha? Niondoeni mimi, mnabaki na nini? Mnabaki na teke la kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mwanasheria akaomba glasi ya maji.

Bibi Pruitt akaegemea mbele. "Kocha, nijibu swali moja. Ulipoomba mapumziko, ulikusudia kutusaidia?"

Swali lilikuwa mtego, na Haldane aliuona. Akisema ndiyo, yeye ni msaliti, na Marlow watamshtaki. Akisema hapana, yeye ni mjinga, na mjinga hapewi nyumba.

"Hapana," alisema. "Nilikusudia kuwaangamiza."

"Basi unadai zawadi ya kitu gani?" akadakia Kubiak. "Umekuja hapa kudai malipo ya ujinga wako?"

"Kijana, na wewe ulikusudia kuugonga mlingoti? Bwana Rusk alikusudia nyuzi zikutazame? Kama tunalipa makusudio, basi jukwaa zima la Calder lilikusudia ushindi kuliko ninyi wawili. Bibi aliahidi kulipa tendo. Tendo langu ndilo hilo, nalo limenigharimu kazi, jina na kitanda. Tendo la Kubiak limemgharimu nini? Hata jezi haikuchafuka."

"Ulimpuuza msaidizi wako," alisema Rusk. "Kila mtu ameona kwenye televisheni. Alikuambia uache."

"Ndiyo. Na ningemsikiliza, leo wewe ungekuwa unatafuta chumba cha kupanga."

Rusk akakaa chini kwa uangalifu kwa sababu ya magoti. Kisha akasema akiwa amekaa, "Chumba bado ninakitafuta, Kocha."

Bibi Pruitt akawatazama wote watatu. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye ufunguo.

"Nimewasikia," alisema. "Hoja zenu ni nzuri mno, hata zimenifungua macho. Niondoeni mimi, mnabaki na nini? Pasipo ahadi yangu, nani kati yenu angejituma? Kuahidi ni tendo. Kwa hiyo naona wazi kwamba nyumba nimeishinda mimi."

"Hapana!" walisema watatu kwa sauti moja.

"Ala! Kumbe mnaweza kukubaliana." Akavuta kikombe chake karibu. "Basi kubalianeni na jambo la pili. Kabla kahawa hii haijapoa, wawili kati yenu wamtaje mmoja, nami nitampa ufunguo hapa hapa mbele ya kamera. Msipomtaja, ufunguo unarudi mkobani mwangu, na nyumba inabaki na vyumba vyake."

Kubiak akamwazia mama mkwe, aliyekuwa bado hajamsemesha. Rusk akayashika magoti yake. Haldane akalitazama sanduku lake, ambalo ndilo lililokuwa anwani yake yote. Ilitosha mmoja ajitoe ili majina mawili yalingane; ilitosha mmoja aseme, "Mpeni yule." Kila mmoja alikuwa tayari kutaja jina, na kila mmoja alitaja la yule aliyemwona kwenye kioo asubuhi wakati wa kunyoa.

"Kubiak," alisema Kubiak.

"Rusk," alisema Rusk.

"Haldane," alisema Haldane.

Bibi Pruitt akainama juu ya kikombe, akaanza kuipuliza kahawa.

Haya, ninyi mnaosikiliza, hapo ndipo ninapokuachieni meza hiyo. Atakayemtaja Kubiak atueleze teke la kwanza lilikwenda wapi. Atakayemtaja Rusk aseme nyuzi zilimtazama nani. Atakayemtaja Haldane atuambie kama yeye mwenyewe angempa adui kitanda kwa kuwa adui alijikwaa na kumwangukia vizuri. Na atakayesema wagawane vyumba, ajue kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelitamka neno hilo. Mvuke unapungua, na yule mama bado anapuliza: je, ni nani aliyestahili ufunguo?