Kibao cha Alhaji Mbwera

Alhaji Mbwera, mwenye maghala ya mpunga, alitangaza kuwa atasaidia kituo kimoja tu cha yatima. Miezi mitatu alivizunguka vituo vyote akikagua, akila pilau ya kila kituo, na bado hakuamua.

Masika yakakaribia. Kituo cha Bi Nunu kilikuwa kimeezuliwa paa lote na upepo.

"Nikikuchagua, jina langu litaonekana wapi?" akauliza Alhaji, akilamba vidole.

"Barabarani, Alhaji, kwa herufi kubwa. Niruhusu nitundike kibao mapema, uone linavyopendeza."

"Tundika! Lakini sijaahidi kitu."

"Nani kasema umeahidi?"

Ijumaa, waliotoka msikitini walisimama mbele ya kituo wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alhaji akaja mbio.

"Kiondoe!"

"Sasa hivi, Alhaji. Ila wakiniuliza, nitawaambia ukweli, kwamba bado unafikiria."

Alhaji akainua macho. Juu ya kuta tupu kibao kilisomeka: PAA HILI NI SADAKA YA ALHAJI MBWERA.

Jumamosi mabati yakashushwa. Jumapili Bi Nunu akampelekea salamu: kibao cha kisima kimeshakauka rangi, kilichobaki ni kisima.