Wimbo Uliorudishwa Sokoni

Hapo zamani, katika mji mmoja, aliishi tajiri aitwaye Taibu, na nyimbo zote za harusi zilikuwa mali yake. Aliyeoza binti alimlipa kwanza, ndipo wimbo ukaimbwa. Na ili kila wimbo mpya upendwe, Taibu humpa mpiga mbiu nguo na samli, auimbe sokoni kutwa mara tatu, hata wauza samaki wakawa wanauimba usingizini.

Basi palikuwa na mchota maji fukara, jina lake Mbwarahaji. Akaupata wimbo mpya wa Taibu hapo sokoni, akamfundisha mjane jirani yake, aliyekuwa anaoza binti na hana cha kumlipa Taibu. Ikawa harusi imefana, na Mbwarahaji akashitakiwa kwa wizi mbele ya Sultani.

"Rudisha wimbo wote pale ulipouchukua," akaamuru Sultani. "Ifikapo Ijumaa hujaurudisha, utachapwa fimbo arobaini na kufukuzwa mjini."

"Nimesikia, Bwana wangu, na nimetii."

Siku ya Alhamisi Mbwarahaji akasimama sokoni ubavuni mwa mpiga mbiu, akaimba kwa sauti yake yote tangu asubuhi hadi alasiri. Watu wakajaa, wakaitikia. Taibu akaenda barazani kwa Sultani huku akitweta, na wote wakaitwa.

"Bwana, sasa ananiibia mchana kweupe."

"Narudisha," akasema Mbwarahaji. "Niliuchukua sokoni, kinywani mwa huyu. Nimeurudisha sokoni, sikioni mwake. Na aulizwe kama haukufika."

Mpiga mbiu akakiri kuwa umefika, na sikio lingali linamuuma.

"Nawe ulipewa na nani?" Sultani akamwuliza.

"Bwana Taibu, kwa samli, ili uwaingie watu vichwani."

Sultani akamgeukia tajiri. "Basi mnyamazishe mpiga mbiu, usiibiwe tena."

Taibu akababaika. "Akinyamaza, Bwana, nani atautaka wimbo wangu?"

"Kumbe kazi yetu ni moja," akasema Mbwarahaji. "Mwenzangu hulipwa samli, mimi naahidiwa fimbo."

Sultani akacheka hata akashika mbavu, akaifuta adhabu. Kisha akauliza, "Taibu, mwezi mzima nimekuwa nikiuimba wimbo huo hamamuni, na sijakulipa kitu. Nami ni mwizi?"

"Hasha, Bwana. Ukiuimba wewe, ni heshima kwangu."

Baraza zima likaangua kicheko, na Taibu peke yake hakujua wanacheka nini.