Bwawa la Mama Haule na Likizo ya Siku Saba

Haya, anayetaka kusikia asogee, asiyetaka akalale. Mimi mwenyewe nimechoka, na watu wa hadithi hii wamechoka kunishinda. Leo sina zimwi wala sungura. Nina bwawa la kuogelea, nina watu watatu, na nina swali lililonikalia shingoni tangu nilipolisikia. Mtakaoweza kulitua, Mungu awape.

Palikuwa na hoteli Dodoma, juu ya kijilima, hoteli ya Mama Haule. Mjini pale kila mtu anajua: Bunge likianza vikao vya bajeti, vyumba hujaa, na likizo za wafanyakazi hufutwa. Hawa watatu walifutiwa mwaka juzi, wakafutiwa mwaka jana, na mwaka huu wakaambiwa wasubiri kidogo. Hiyo "kidogo" ya mwajiri mnaijua.

Wa kwanza ni Nyemo, mpishi, mwenyeji wa hapo hapo. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Mpe kikombe cha chai, atakwambia maji yake yametoka kisima kipi na sufuria ilipikiwa nini jana yake.

Wa pili ni Lameki, fundi wa jenereta na pampu, mtu wa Mpwapwa. Kipaji chake kilikuwa masikio. Yuko jikoni anakula ugali wake, mara anainua kidole: "Feni ya chumba namba tisa imelegea skrubu." Mkienda, kweli imelegea.

Wa tatu ni Somoe, mfua mashuka. Kipaji chake kilikuwa macho. Mwanikie mashuka meupe arobaini, yeye atakuonyesha lile moja lililofuliwa kwa sabuni nyingine. Kwao ni Newala, kule juu ambako alikua akibeba ndoo kichwani mwendo wa saa nzima. Akatoka huko akaja kuchokea maji ya wengine.

Somoe ndiye nitakayemfuata, kwa sababu mama yake alikuwa anasahau. Ilianza na mahali alipoweka kiberiti. Yakafuata majina ya majirani, kisha ya watoto. Dada wa Somoe, Sikudhani, aliyebaki nyumbani, alimpigia simu mwezi wa tatu, na sauti yake haikuwa na kilio tena, ilikuwa imekauka.

"Mimi hanijui," Sikudhani alisema. "Nikimwogesha ananishukuru kama mgeni. Jina lililobaki kinywani mwake ni lako. Kila asubuhi anauliza, Somoe amefika? Njoo, mdogo wangu, kabla na hilo halijamtoka."

Dodoma hadi Newala ni siku mbili za basi kwenda na mbili kurudi. Kwa siku moja ya mapumziko utafika wapi? Somoe alihitaji siku saba, ili akae na mama yake siku tatu. Alienda ofisini kuomba mara nne. Mara ya tano miguu ilikataa.

Sasa tuje kwenye bwawa. Lilikuwa bwawa la chumvi. Msidhani ni bahari. Chumvi yake ni kidogo kuliko ya mchuzi. Inayeyushwa majini, maji yanapita kwenye mashine, na mashine inaigeuza chumvi kuwa klorini, ndiyo inayoua uchafu. Lakini watu wakisikia "bwawa la chumvi" wanaamini halina dawa na halitaki mtu. Mama Haule naye aliamini. Mtunzaji wa bwawa alipoacha kazi hakuajiri mwingine. "Chumvi inajitunza yenyewe," alisema.

Jamani, chumvi haijitunzi. Mvua za masika zilikuja kubwa mwaka ule, bwawa likajaa, likafurika, likajaa tena. Mvua zilipokatika, maji yalikuwa kijani, mazito kama mlenda. Na Jumamosi ile walikuwa wanakuja watoto wa shule kutoka mikoa mitatu kushindana kuogelea, vyumba vyote vya chini vimeshachukuliwa kwa ajili yao.

Jumatatu asubuhi Mama Haule aliwaita hao watatu pembeni ya bwawa. Macho yake yalikuwa mekundu, hata yeye hakuwa amelala.

"Watoto wakikuta hivi watahamia kwingine, na jina langu litaondoka nao," alisema. "Atakayeliponya bwawa hili nampa likizo ya siku saba kuanzia Jumapili, Bunge liwepo lisiwepo. Ila mmoja. Wawili siwezi, hoteli imejaa."

Somoe alisikia "siku saba" akazihesabu kwa vidole: mbili, tatu, mbili.

Alianza Nyemo. Kila mtu alikuwa ameonja maji yale akasema chumvi ipo, maana kweli yalikuwa na ladha ya chumvichumvi. Nyemo akachovya kidole, akagusisha ulimini, akatema mara mbili.

"Hii si chumvi," alisema. "Hii ni Dodoma. Ni ladha ya kisima chetu tuliyoizoea tangu tumboni mwa mama zetu. Chumvi yenyewe imeondoka na mvua."

Akaenda jikoni, akapima chumvi kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, akaikoroga katika lita moja ya maji, akaufundisha ulimi wake ladha ile. Kisha yakamwagwa magunia sita, gunia baada ya gunia. Siku mbili alizunguka bwawa akionja kona zote nne na kutema, mpaka kona zikakubaliana. Jumanne jioni ulimi ulikuwa umechubuka, hata mboga za wageni ilibidi aonjewe na mtu mwingine. Chumvi ikawa imetimia. Maji yakabaki kijani.

Jumatano ikawa zamu ya Lameki. Alilala kifudifudi kwenye saruji, sikio juu ya bomba la mashine, akakaa hivyo mpaka watu wakadhani kasinzia.

"Maji hayapiti humu," alisema, "yanajipenyeza."

Akaifungua mashine. Vibati vya ndani, vile vinavyoigeuza chumvi, vilikuwa vimegandwa na ukoko mweupe, ule ule unaozigandia birika za Dodoma nzima. Kuukwangua kwa kisu ni kuvichana vibati, kwa hiyo akaviloweka kwenye maji yaliyotiwa asidi kidogo. Povu likachemka, yeye akawa anasikiliza. Sauti ya povu ilipokufa akajua ukoko umekwisha. Ilibidi aifunge mashine tena mara tatu, mpira ulikuwa unavuja, na mgongo wake si wa ujana. Jioni mashine ikaanza kutoa klorini. Maji yakabaki kijani vile vile.

Hapo wakakata tamaa. Nyemo akakaa juu ya gunia tupu, Lameki akakaa chini. Somoe ndiye aliyechukua kichupa cha kupimia maji. Unachota maji, unatia matone matano ya dawa nyekundu, rangi inayotokea unailinganisha na karatasi yenye rangi. Wote walikuwa wamelinganisha, wote wakasema ni sawa.

"Karatasi hii imepauka," Somoe alisema. "Imekaa juani miaka. Msiitazame. Tazameni kichupa: hiyo si nyekundu, inaelekea zambarau. Maji yamezidi magadi. Klorini ipo, lakini imelala."

Alhamisi na Ijumaa akawa anatia asidi, ndiyo inayopunguza magadi. Ndoo ya maji kwanza, asidi kidogo juu yake, anamwaga taratibu huku akitembea ukingoni, anasubiri pampu izungushe, anapima tena. Ukizidisha, maji yanageuka makali, yanakula macho ya watoto na mabomba pia. Karatasi ya kumwongoza hakuna. Alikuwa na macho yake tu, na yalikuwa yanamtoka machozi kwa mvuke wa asidi. Alipima mara kumi na tisa. Ijumaa alasiri sakafu ya bwawa ikaonekana, na juu yake kijiko cha supu kilichopotea tangu Krismasi.

Jumamosi watoto wakaogelea, wakapiga kelele, wakapewa medali. Kwenye karamu yao Mama Haule akawaita wale watatu ofisini, akawapa karatasi ya likizo. Sehemu ya jina ilikuwa wazi, mstari mmoja.

"Mimi nimeshindwa kuamua," alisema. "Kaelewaneni. Nileteeni jina kabla ya chakula cha jioni, nitasaini."

Wakaenda kukaa kwenye chumba cha kufulia, juu ya marobota ya mashuka machafu.

"Bila ulimi wangu mashine ingefanyia kazi nini?" Nyemo alianza. "Ingegeuza nini?"

"Na bila mashine," alisema Lameki, "chumvi yako ingekuwa supu tu, dada Nyemo."

"Bila asidi klorini ingeendelea kulala," Somoe alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nyemo akacheka bila furaha. "Figa moja haliinjiki chungu. Tulikuwa mafiga matatu. Sasa Mama Haule anataka tuseme chungu kilikaa juu ya figa moja."

Kisha Lameki akasema mtama wake umeiva Mpwapwa, na kweleakwelea wameshatua. Mke wake yuko peke yake na debe la kufukuzia ndege, na mtama huo ndio ugali wa mwaka. Nyemo akasema yeye hana mgonjwa wala shamba. Anataka kulala. Siku saba alale, asisikie mtu akiita chai. "Mnacheka," alisema, "lakini juzi nimesinzia nimeshika kisu."

Hakuna aliyecheka.

"Mimi ningempa Somoe," Nyemo akaendelea. "Mama ni mama."

"Mama Haule hakuuliza nani ana shida," Lameki akajibu, si kwa ubaya. "Ameuliza nani ameponya bwawa. Lakini kama wewe umeridhia, dada Nyemo, na mimi nitatafuta moyo."

Somoe akatazama ile karatasi. Likizo ilikuwa imeshamfikia mkononi, kilichobaki ni kuandika. Lakini kulikuwa na jambo alilokuwa amelibeba, na alikuwa amechoka kulibeba.

"Subirini," alisema. "Mimi niliona tangu mwezi wa pili."

"Uliona nini?"

"Mama Haule alikuwa anapima maji kila Jumatatu mbele ya wageni, anainua kichupa juu, anasema safi. Mimi napita na mashuka, naona ni zambarau. Niliona na karatasi imepauka. Sikusema. Mwaka jana nilisema pazia za ukumbini zinachujuka, nikaambiwa niangalie mashuka yangu. Nikasema basi, acha liwe."

Lameki akajishika kiuno. Alijua, fundi hawezi kukosa kujua, kwamba maji yakizidi magadi ndipo ukoko unaposhika upesi kwenye vibati.

"Ungesema," alisema polepole, "mimi nisingelala kwenye saruji ile."

"Na mvua?" Nyemo aliuliza. "Mvua ingeondoka na chumvi hata angesema. Halafu angesema kwa nani, Lameki? Nani humu anasikilizwa?"

"Kwangu. Angeniambia mimi."

Simu ya Somoe ikatetemeka mapajani, alikuwa Sikudhani. Akaipokea, akasikiliza, akasema "Haya, dada," akaikata. "Anauliza kama nimefika," aliwaambia. Machozi yakamtoka, na safari hii hapakuwa na asidi ya kusingizia.

Mlango ukafunguliwa. Mama Haule, kalamu mkononi. "Jina?"

Hadithi yangu inasimama hapo, wala msinisukume. Nyemo alionja, Lameki alisikia, Somoe aliona, na ungemwondoa yeyote kati yao, watoto wale wangehamia kwingine. Msiniambie wagawane siku. Siku mbili na kidogo hazimfikishi mtu Newala, wala hazivuni shamba. Msiniambie pia kwamba Somoe kajitoa mwenyewe kwa kusema kweli. Labda kajitoa. Labda kusema huko ndiko kunakompa haki kuliko wenzake. Nimewauliza watu wengi, na kila mmoja ananijibu haraka mpaka nimkabidhi kalamu.

Basi na wewe ishike. Mstari ni mmoja. Ukiandika Somoe, wageukie Lameki na Nyemo uwaambie ukiwatazama usoni. Ukiandika mmoja wa hao wawili, chukua simu, mpigie Sikudhani, umwambie amjibu nini mama kesho asubuhi.

Haya, unaandika nani?