Mapacha wa Vumilia na Jiko Lisilo na Moshi

Hapo zamani, na wala si zamani sana, kwenye vilima ambako mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka mchana, mwanamke aitwaye Vumilia alijifungua mapacha. Wa kike akaitwa Zawadi, wa kiume Tulizo. Walikuwa wadogo mno, na baridi ilikuwa inakata mifupa. Nyumba nzima ikawa na shughuli moja tu: watoto wasipigwe na baridi.

Sikilizeni vizuri kila mmoja alifanya nini. Mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mumewe, Lukelo, alipanda ngazi akaziba. Aliziba matundu ya hewa chini ya bati kwa magunia, akaziba dirisha kwa nailoni, akaziba nyufa kwa udongo. Jirani akamtania, "Fundi, humu sasa hata mbu itabidi apige hodi!" Lukelo akacheka. Watu wakasema, huyo ndiye baba.

Mama yake Lukelo aliwasha jiko la mkaa. Usimwone mjinga. Aliliwashia nje, akalipepea, akangoja moshi uishe kabisa na makaa yawe mekundu, ndipo akaliingiza chumbani. "Moshi unaharibu vifua vya watoto," alisema. "Hili halina moshi." Watu wakasema, huyo ndiye bibi.

Adhuhuri moja Vumilia akasema, "Mama, kichwa kinanigonga. Naona kizunguzungu. Tufungue dirisha kidogo?"

"Mwanangu, mzazi gani asiyeumwa kichwa? Umemwaga damu. Lala. Ukifungua hilo dirisha utaniulia wajukuu."

Vumilia akatii. Akalala, Zawadi kifuani, Tulizo ubavuni. Bibi akaenda bondeni kuchuma mboga. Lukelo alikuwa msituni akipasua mbao.

Wifi yake Vumilia, Lusungu, alibaki kwenye jiko la nje akisonga ugali. Akamsikia Tulizo analia. Bibi alikuwa amekataza mtoto kutolewa nje kabla kitovu hakijadondoka. Lusungu akaingia, akamkuta wifi yake kalala fofofo, akamwonea huruma. Akamfunga Tulizo kifuani kwa kanga, akatoka naye. Akaufunga mlango vizuri, akasukumia gunia chini yake, upepo usimfuate Zawadi.

Bibi aliporudi akaita, "Mama mapacha!" Kimya. Akaingia, akamtikisa Vumilia. Hakuamka. Akamwita Lusungu, wakamburuta mpaka uani, kwenye baridi ileile waliyokuwa wakiikimbia, ndipo akatapika, akafumbua macho.

Zawadi hakufumbua.

Nesi wa zahanati, aliyeitwa mbio, aliwaeleza palepale uani. Makaa mekundu hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Moshi ukiisha, sumu bado ipo. Chumba kikiwa kimezibwa, huwalaza watu usingizi ambao hawaamki. Kule kuumwa kichwa na kizunguzungu ndiyo ilikuwa taarifa yenyewe.

Wakamzika Zawadi. Tanga halijaondolewa, maneno yakaanza. Na nani alisemwa? Baba? Bibi? Thubutu! "Mama gani analala kama gogo, mtoto anakufa kifuani?" Ndivyo walivyonong'ona wanawake wakimenya viazi vya msiba. Katika nyumba nzima, aliyenyooshewa kidole ni yule aliyevuta sumu ileile. Hebu niambieni, haki gani hiyo?

Ukoo ukakaa. Wako waliotaka Vumilia arudishwe kwao, Tulizo abaki. Babu, baba yake Lukelo, akampakata mtoto, akasema, "Anayemtaka aseme."

Bibi akasema, "Nipeni mimi. Nimelea wanangu wote kwa jiko hilihili, hakuna aliyekufa."

"Mama, ile ilikuwa nyumba ya nyasi!" Lusungu akamkata. "Ilikuwa inapumua. Hii kaka kaiziba kama chupa."

Lukelo akaruka. "Kwa hiyo muuaji ni mimi? Mimi niliziba upepo. Nani aliniambia kuna moto utaingizwa?"

"Hukuuona? Si ulikuwa unaota moto pale kila asubuhi?" Lusungu akamjibu.

Lukelo akatazama chini. "Ni damu yangu. Nipeni mwanangu."

Lusungu akasema, "Nipeni mimi basi. Ningemtii mama, leo Tulizo angekuwa kaburini na mwenzake. Niliyemtoa ni mimi."

Kaka yake akamuuliza polepole, bila hasira, "Na mlango, Lusungu? Na lile gunia?"

Lusungu akajifunika uso kwa kanga.

Wakamgeukia Vumilia. Alikuwa amekaa chini karibu na mlango, mlango wazi, baridi ikimpiga mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aufunge.

"Mimi nilijua," alisema. "Mwili wangu uliniambia. Nikamwamini mama kuliko mwili wangu, kwa sababu tangu nizaliwe nimefundishwa kwamba mke mwema habishi. Mngenisifu kwa kutii, kama Zawadi angeamka."

Babu akamuuliza, "Unamtaka mtoto?"

"Namtaka. Ila tangu siku ile sijalala, baba. Nikifumba macho nahisi ule uzito mdogo hapa kifuani, unazidi kuwa mwepesi. Sijui kama mtu asiyelala anaweza kulea."

Tulizo akaanza kulia kwa njaa. Maziwa ya Vumilia yakalowanisha kanga yake mbele ya watu wote. Mikono ikanyooshwa: ya bibi, ya baba, ya shangazi. Na ya Vumilia. Babu akabaki katikati yao na mtoto analia, hajui ageukie wapi.

Haya, nyinyi mliokaa hapo. Kila mmoja alimpenda Zawadi, na kila mmoja alitia mkono wake katika kifo chake. Msinijibu kwa haraka, na msinijibu kwa mazoea. Je, Tulizo apewe nani?